Jinsi ya Kupima Usalama wa Viongeza Utamu vya Asili Vitokanavyo na Mimea

Anayetaka kupunguza sukari na kuhamia kwenye stevia, tunda la luo han guo, zailitoli, asali au sirapu ya agave kwa kawaida huuliza swali moja tu: je, kitu hiki ni salama? Swali hilo, kwa namna lilivyo, halijibiki. Vitu vyote hivyo asili yake ni mimea, lakini kila kimoja kina njia yake mwilini, na kile ambacho mtu mzima mwenye afya anaweza kukitumia kila siku bila tatizo kinaweza kumlaza hospitalini mtoto mchanga au mgonjwa wa shinikizo la damu. Linalojibika ni swali lenye sehemu tatu: ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya pakiti, kinatumiwa kwa kiasi gani kwa siku, na kinaingia katika mwili wa nani. Mwongozo huu unafuata sehemu hizo, na unakaa zaidi kwenye suala la kiasi, kwa kuwa ndilo ambalo watu wengi hawalifikii kabisa.

Tambua kundi kabla ya kutambua jina

Majina ya kibiashara ni mengi na yanabadilika, lakini vitu vyenyewe vinaingia katika makundi machache. Kundi la kwanza ni la vitu vyenye utamu mkali mno, ambavyo hutumiwa kwa miligramu badala ya gramu. Humo mna glikosidi za stevioli kutoka majani ya stevia, mmea wenye asili ya Paraguay na maeneo ya jirani, ambazo utamu wake ni kama mara 200 hadi 300 ya sukari. Mna mogrosidi kutoka tunda la luo han guo la kusini mwa China. Mna thaumatini, ambayo ni protini ya tunda la mmea wa misitu ya Afrika Magharibi uitwao Thaumatococcus daniellii. Na mna glisirizini, inayotoka kwenye mizizi ya likorisi.

Kundi la pili ni la alkoholi za sukari, kama vile erithritoli, zailitoli na sobitoli. Jina lisimtishe mtu, kwa maana hakuna kileo ndani yake. Ni jina la kikemia linaloeleza umbo la molekuli. Vitu hivi vimo kwa kiasi kidogo katika matunda, lakini vile vinavyouzwa kwenye pakiti havikamuliwi kutoka kwenye matunda hayo. Erithritoli hutengenezwa kwa kuchachusha glukosi kwa hamira, na glukosi hiyo mara nyingi hutolewa kwenye wanga wa mahindi, ilhali zailitoli hupatikana kwa kubadilisha kikemia sukari iliyomo katika mbao au magunzi. Utengenezaji wa kiwandani peke yake haukifanyi kitu kuwa kibaya. Nautaja kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua kwamba neno "asili" linaeleza chanzo cha malighafi, na halisemi lolote kuhusu usalama wa kile kilichotokea mwishoni.

Kundi la tatu ni la sukari zenyewe katika sura nyingine: asali, sirapu ya agave, sirapu ya mti wa mepo, sirapu ya tende, sukari ya nazi na sukari guru. Hivi vina ladha yake na vingine vina madini kidogo, lakini mwili huvipokea kama sukari, na hatari zake ni zilezile za sukari pamoja na chache za ziada nitakazozieleza.

Soma orodha ya viambato, usiishie mbele ya pakiti

Chukua pakiti ya unga mweupe ulioandikwa stevia kwa herufi kubwa za kijani, kisha igeuze. Katika nchi nyingi sheria inamtaka mtengenezaji aorodheshe viambato kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache. Mara nyingi utakuta kiambato cha kwanza ni erithritoli, dekstrosi au maltodekstrini, na glikosidi za stevioli zimekaa mwishoni kabisa. Hakuna udanganyifu wa kisheria hapo. Stevia safi ina utamu mkali kiasi kwamba kiasi kinachotosha kikombe kimoja hakionekani vizuri kwa macho, hivyo ni lazima ichanganywe na kitu cha kuijaza ili iweze kupimwa kwa kijiko. Hata hivyo, maana yake kwa mtumiaji ni kwamba karibu kila gramu anayoimeza ni ya kile kijazio, na kwa hiyo usalama wa kutathmini kwanza ni wa kijazio.

Kijazio kikiwa dekstrosi, ujue hiyo ni glukosi kwa jina lingine, na maltodekstrini nayo huvunjwa haraka kuwa glukosi. Katika kipakiti kimoja cha gramu 1 hilo si jambo kubwa, lakini anayetumia vipakiti vingi kwa siku, au anayepika keki nzima kwa unga huo, anaweza kupandisha sukari ya damu huku akiamini hajaitumia kabisa. Kijazio kikiwa erithritoli, sukari ya damu haipandi, ila unaingia kwenye hesabu nyingine tutakayoifanya hivi punde.

Ukiona jina lolote linaloishia na "-toli" katika orodha, angalia pia onyo dogo la chini. Katika Umoja wa Ulaya, chakula chenye alkoholi za sukari zilizoongezwa kwa zaidi ya asilimia 10 kinatakiwa kiwe na maelezo kwamba kukitumia kupita kiasi kunaweza kusababisha kuhara. Bidhaa isiyoorodhesha viambato vyake, au inayosema tu "mchanganyiko wa dondoo za mimea" bila kutaja mimea gani, kwa maoni yangu haifai kununuliwa hata ikisifiwa vipi.

Fanya hesabu ya kiasi kwa uzito wa mwili

Mamlaka za usalama wa chakula hupanga kiwango kinachoitwa kipimo cha kila siku kinachokubalika, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kukitumia kila siku maisha yake yote bila madhara yanayotarajiwa. Kwa stevia, wataalamu walitafuta kiasi cha juu zaidi ambacho hakikuwadhuru panya katika majaribio ya muda mrefu, wakakigawanya kwa 100 ili kuacha nafasi ya usalama, wakapata miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani, WHO, ilifikia kiwango hicho mwaka 2008, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ikakikubali mwaka 2010.

Ugumu ni kwamba kiwango hicho kimeandikwa kwa stevioli, kitu ambacho hakiuzwi. Kinachouzwa ni glikosidi, ambazo ni stevioli iliyofungamana na molekuli za sukari. Bakteria wa utumbo mpana huziondoa sukari hizo, stevioli inafyonzwa, ini linaifunga, na figo zinaitoa kwa mkojo. Kwa rebaudiosidi A, ambayo ni glikosidi inayotumiwa sana, stevioli ni kama theluthi moja ya uzito wake. Basi mtu mwenye kilo 60 anaruhusiwa miligramu 240 za stevioli, sawa na takriban miligramu 730 za rebaudiosidi A. Tukichukulia kwamba utamu wake ni mara 200 ya sukari, hiyo ni sawa na utamu wa gramu 146 za sukari, yaani vijiko vidogo zaidi ya 36 vya gramu 4 kila kimoja. Ni vigumu kwa mtu mzima kuvuka mpaka huo kwa chai na kahawa peke yake.

Sasa ifanye hesabu hiyohiyo kwa mtoto wa kilo 15. Yeye anaruhusiwa miligramu 60 za stevioli, ambazo ni utamu wa vijiko vidogo 9 hivi. Mtoto anayekunywa vinywaji viwili vitatu vilivyotiwa stevia, akala na mtindi uliotiwa stevia, anaweza kuukaribia mpaka huo kabla jua halijatua. Ndiyo maana nasisitiza hesabu kwa kilo: pakiti haisemi kwamba kijiko cha mama na kijiko cha mwanawe, japo ni kijiko kilekile, havina uzito sawa mwilini.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu zaidi, nayo ni kupima kile kijazio. Mnamo Desemba 2023 EFSA iliweka kwa erithritoli kipimo cha gramu 0.5 kwa kilo kwa siku, hasa ili kuwakinga watu na kuhara pamoja na upotevu wa maji na chumvi za mwili unaoweza kufuata. Mtu wa kilo 60 anafika mwisho kwa gramu 30. Ikiwa unga wake umetengenezwa ili kijiko kimoja kikae badala ya kijiko kimoja cha sukari, na karibu wote ni erithritoli, basi kijiko kidogo kina takriban gramu 4, na anaufikia mpaka kwa vijiko saba na nusu. Mtoto wa kilo 15 anaufikia kwa gramu 7.5, ambazo hazifiki hata vijiko viwili. Linganisha na vijiko 36 na vijiko 9 tulivyovipata kwa stevia, na utaona kwamba katika pakiti ile moja, kinachoweka mpaka ni kitu ambacho jina lake halikuandikwa mbele.

Vipimo hivi viwili havisomwi kwa namna moja. Kuvuka kipimo cha stevia siku moja si kula sumu, kwa kuwa kiwango kimekusudiwa matumizi ya kila siku ya maisha. Erithritoli na zailitoli, kinyume chake, huonyesha athari papo hapo, kwa sababu sehemu isiyofyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo, na ile ya zailitoli huchachushwa pia na bakteria ikatoa gesi. Kwa hiyo kiasi cha mkupuo mmoja kina uzito kuliko jumla ya wiki. Anayeanza kutumia alkoholi za sukari na aanze na kijiko kidogo kimoja pamoja na chakula, akae siku kadhaa kabla ya kuongeza, na asizitie kwenye kinywaji anachokinywa tumbo likiwa tupu. Mwenye utumbo mwepesi kukasirika, hasa anayeugua tumbo la kujaa gesi na kuhara mara kwa mara, afadhali aziepuke kabisa, hata zile za zailitoli au sobitoli zilizomo katika bidhaa anazotafuna kutwa nzima bila kuzihesabu.

Kuna jambo jingine kuhusu erithritoli ambalo halijafungwa. Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wenye erithritoli nyingi zaidi katika damu walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi, na mwaka 2024 kundi hilohilo likachapisha matokeo yanayofanana kuhusu zailitoli. Tahadhari mbili zinahitajika katika kuyasoma. Mwili wenyewe hutengeneza erithritoli, na wengi wa waliopimwa walikuwa tayari na maradhi au hatari ya moyo, hivyo wingi wake unaweza kuwa dalili badala ya chanzo. Hata hivyo, watafiti hao waliwapa watu wanane wenye afya kinywaji chenye gramu 30, wakaona kwamba kiwango chake katika damu kilibaki juu kwa zaidi ya siku mbili. Binafsi nisingemwambia mtu mwenye afya aitupe pakiti yake kwa sababu ya hayo, lakini mtu aliyewahi kupata kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda asifanye erithritoli kuwa mazoea ya kila siku kabla hajazungumza na daktari wake.

Stevia iliyosafishwa na majani ya stevia

Viwango vyote vilivyotajwa hapo juu vinahusu glikosidi zilizosafishwa hadi kufikia angalau asilimia 95. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa barua yake ya kwanza ya kutokuwa na pingamizi kuhusu rebaudiosidi A iliyosafishwa mnamo Desemba 2008, lakini majani mazima na dondoo ghafi haikuyakubali kuwa viongeza utamu, kwa maelezo kwamba taarifa za usalama wake hazitoshi. Watu wengi hushangaa, kwa kuwa wangetarajia jani lililo karibu zaidi na shamba ndilo liwe na usalama zaidi. Sababu ni kwamba jani lina mamia ya vitu vingine vinavyobadilika kwa udongo, msimu na namna ya kukausha, na hakuna anayeweza kusema kijiko cha unga wake kina miligramu ngapi za nini. Wenyeji wa Paraguay wametumia majani hayo kwa vizazi vingi, na sidai kwamba jani moja kwenye kikombe litamdhuru mtu. Ninachosema ni kwamba anayetumia majani asichukue kipimo cha stevia safi akakifanya kuwa chake, na mjamzito au mtu mwenye maradhi sugu achague ile iliyosafishwa ikiwa ni lazima atumie.

Dondoo la luo han guo liko katika hali ambayo inafaa kueleweka sawasawa. FDA haikupinga matumizi yake mwaka 2010, lakini mwaka 2019 EFSA ilisema kwamba taarifa za sumu zilizowasilishwa hazikutosha kufikia uamuzi. Haikusema imeona madhara; ilisema imekosa ushahidi wa kutosha. Thaumatini, kwa upande wake, ni protini inayomeng'enywa kama protini nyingine na hutumiwa kwa viwango vidogo sana, na kamati ya FAO na WHO haikuona haja ya kuiwekea kipimo cha namba.

Likorisi inastahili hofu yake

Ikiwa kuna kiongeza utamu cha mmea ambacho ningependa msomaji akiangalie kwa macho mawili, ni likorisi. Glisirizini iliyomo katika mizizi yake ina utamu wa mara 30 hadi 50 ya sukari, na hutiwa katika peremende, katika chai za mitishamba zinazodaiwa kulainisha koo, na katika dawa za kikohozi, mara nyingi bila mnywaji kujua kwamba ule utamu haukutoka kwenye sukari.

Hatari yake ina njia inayojulikana vizuri. Katika figo kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia mwilini, ambacho kazi yake ni kuizima homoni ya kotisoli ili isiguse vipokezi vinavyodhibiti chumvi. Glisirizini, baada ya kubadilishwa utumboni, hukizuia kimeng'enya hicho. Kotisoli ikibaki huru, figo zinaanza kushikilia sodiamu na maji na kupoteza potasiamu, na matokeo yake ni shinikizo la damu kupanda, miguu kuvimba, misuli kulegea, na moyo kupiga bila mpangilio. FDA imewahi kuonya kwamba mtu wa zaidi ya miaka 40 anayekula takriban gramu 57 za peremende nyeusi za likorisi kila siku kwa wiki mbili anaweza kulazwa hospitalini kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kamati ya kisayansi ya chakula ya Ulaya ilishauri mwaka 2003 kwamba glisirizini isizidi miligramu 100 kwa siku.

Kwa matumizi ya nyumbani, kanuni ninazozipendekeza ni hizi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au figo, na mjamzito, asitumie likorisi kabisa kama kiongeza utamu. Anayemeza dawa za kuongeza mkojo au digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, aiache pia, kwa sababu dawa hizo na upungufu wa potasiamu ni mchanganyiko hatari. Mtu mwenye afya anaweza kunywa kikombe kimoja kimoja kwa siku chache anapokuwa na kikohozi, lakini asiifanye chai ya kila asubuhi. Na kila anayenunua chai ya mitishamba iliyo tamu bila sukari asome viambato akitafuta jina likorisi au Glycyrrhiza glabra, ambalo ni jina lake la kisayansi.

Asali na sirapu

Asali na sirapu zote zilizotajwa zinahesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa sukari huru, sawasawa na sukari nyeupe. Mwongozo wake wa mwaka 2015 unataka sukari huru zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unapendekeza kushuka chini ya asilimia 5 kwa faida zaidi. Kwa anayekula kilokalori 2000, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, kwa hiyo vijiko vitatu tu vinamaliza kile kiwango cha juu. Sirapu ya agave husifiwa kwa kuwa haipandishi glukosi ya damu haraka. Sababu ni kwamba sehemu yake kubwa ni fruktosi, ambayo hushughulikiwa zaidi na ini na ikizidi huongeza mafuta katika damu. Mtu aliyezaliwa na kasoro ya kurithi ya kutohimili fruktosi asiguse agave, asali, sukari ya nazi wala sobitoli.

Kuhusu asali kuna katazo moja lisilo na nafasi ya majadiliano: mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe hata kidogo, wala kulambishwa kidoleni, wala kutiwa kwenye uji. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum, ambazo mtu mzima huzipitisha bila madhara lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha jikoni hakusaidii, kwa kuwa mbegu hizo hustahimili joto la maji yanayochemka. Mtoto aliyekwisha kupewa asali akafunga choo, akalia kwa sauti dhaifu, akanyonya kwa shida au akawa mlegevu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wahudumu waambiwe kuhusu asali.

Mwili wa nani

Kwa mwenye kisukari, stevia iliyosafishwa na dondoo la luo han guo havipandishi glukosi ya damu, na hilo ni msaada wa kweli. Lakini msaada huo hugeuka hatari wakati sukari inaposhuka kupita kiasi. Anayetetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa kwa sababu ya sukari kushuka anahitaji glukosi au sukari halisi, takriban gramu 15, na chai iliyotiwa stevia haitamsaidia kitu. Nyumba ambayo imeondoa sukari yote kwa ajili ya mgonjwa na ibakishe kiasi chake mahali panapojulikana na kila mtu, watoto wakiwemo. Vilevile, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akibadilisha ghafla sukari yote aliyozoea, apime mara nyingi zaidi katika siku za mwanzo na amwarifu daktari, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa mlo wa zamani inaweza kuwa kubwa mno kwa mlo mpya.

Kwa anayetaka kupunguza uzito, ieleweke kwamba mnamo Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito au kupunguza hatari ya maradhi yasiyoambukiza. Ushauri huo una masharti, hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na hauzihusu alkoholi za sukari. Haukutokana na kugundulika kwa sumu yoyote. Ulitokana na kwamba faida ya muda mrefu kwa uzito haikuonekana, huku tafiti za kufuatilia watu zikionyesha uwezekano wa uhusiano na kisukari na maradhi ya moyo. Kwangu mimi, matumizi yenye akili zaidi ya stevia ni kama ngazi ya kushukia: kijiko kinapunguzwa kidogo kidogo, ulimi unazoea, na hatimaye kinywaji kinanyweka kikiwa na utamu kidogo au bila utamu.

Watoto walio chini ya miaka miwili hawahitaji kiongeza utamu cha aina yoyote. Wakubwa kidogo wanaweza kupata stevia katika vyakula mara chache bila wasiwasi, mradi mzazi amefanya ile hesabu ya kilo na ameangalia kijazio.

Uhifadhi, na dalili za kutopuuzwa

Zailitoli inahitaji kabati lenye mlango, hasa penye mbwa. Kwa binadamu ni kitu cha kawaida, lakini kwa mbwa huchochea kongosho kumwaga insulini nyingi kwa ghafla. Takriban gramu 0.1 kwa kilo ya uzito wake inatosha kumwangusha sukari ya damu, na kiasi kikubwa zaidi kinaweza kuharibu ini. Mbwa aliyeila apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja bila kusubiri dalili. Unga wowote mweupe wa aina hizi ubaki kwenye pakiti yake ya awali, kwa kuwa ukihamishiwa kwenye chupa isiyo na jina, siku utakapohitajika kujulikana hakuna atakayekumbuka ulikuwa nini.

Kuhara kunakoanza saa chache baada ya kutumia alkoholi za sukari kwa kawaida huisha kwenyewe ukiacha kuzitumia na kunywa maji ya kutosha. Kuvimba midomo au uso, vipele vya ghafla na kupumua kwa shida ni dharura, kiongeza utamu kiwe kipi. Misuli kukosa nguvu, mapigo ya moyo kurukaruka na shinikizo lililopanda bila sababu kwa mtu anayekunywa chai tamu za mitishamba humpasa kwenda kituo cha afya siku hiyo. Abebe pakiti yenyewe, aeleze ni vijiko au vikombe vingapi kwa siku na kwa muda gani, na ataje dawa zote anazotumia, kwa kuwa daktari akijua kwamba likorisi imo ataagiza kipimo cha potasiamu kwenye damu mapema badala ya kuanza kutafuta chanzo kwingine.